Asiransi Iliyokataza Pole

Tantine Ndaya hakati reli kwa pembe. Kamina nzima inalijua hilo. Wanaopanda pikipiki yake kwa mara ya kwanza hukasirika kidogo, kwa maana akifika penye reli anapunguza mwendo, ananyoosha gurudumu kama mtu anayechora msalaba, ndipo anavuka. Mawewa wengine, yaani madereva wa pikipiki za abiria, wanamcheka.

"Mama Mapasa, reli haina meno!"

Naye anajibu bila kugeuka, "Meno haina. Kumeza inajua."

Baba yake alikuwa mtu wa reli, na ndiye aliyemfundisha kuiogopa bila kuikimbia. Tantine ana miaka arobaini na mmoja, ana mapasa, yaani mapacha, wawili walio shuleni, na ni mwanamke peke yake kati ya mawewa sitini wa upande wa stesheni. Kwetu mama wa mapasa ana ruhusa yake: akikutukana hukasiriki, unacheka. Tantine anaitumia ruhusa hiyo vizuri sana. Ni dada mdogo wa baba yangu, nakaa kwake. Haya ninayosimulia, mengine niliyaona, mengine niliyapata kwa vinywa vya wenyewe.

Alikuwa anafanya kazi na Ruffin. Ruffin ni kijana mwenye kibanda cha kuchaji simu karibu na soko, na ndani ya simu yake ana kundi linaloitwa Twende. Mteja anaandika yuko wapi na anaenda wapi. Ruffin anatafuta mwingine wa njia hiyohiyo, anawaweka wote kwenye pikipiki moja, kila mmoja analipa nusu. Watu walilipenda kundi. Ili walipende zaidi, Ruffin akaleta asiransi, ile bima ya ajali. Kampuni inaitwa Kivuli, wakubwa wake wako Lubumbashi. Hapa kwetu ina biro, ofisi ya chumba kimoja na mtu mmoja, Jephté. Kila pikipiki ya Twende ilibandikwa karatasi ndogo ya kijani mbele, na Ruffin alisema maana yake ni moja tu: mteja akiumia, Kivuli inalipa.

Jumatatu moja ya mwezi wa kwanza, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Tantine alibeba wawili. Wa kwanza, mwalimu mzee, alishuka parokiani. Wa pili, Mbombo, aliendelea. Mbombo ni mshonaji, ana miaka ishirini na mbili, na cherehani yake ni ile ya kukanyaga kwa mguu. Siku hiyo alikumbatia mfuko uliojaa mikono ya mashati ya shule, mikono tu, bila mashati yenyewe.

Walipofika kwenye reli Tantine alikuwa ameshanyoosha gurudumu. Ghafla mtu wa baiskeli mwenye magunia matatu ya makala, yaani mkaa, akakata mbele yao bila kutazama. Tantine alimkwepa. Gurudumu likaingia kwenye chuma chenye maji kwa pembe, na pikipiki ikalala.

Tantine alichubuka kiwiko. Mbombo hakupiga kelele. Aliketi katikati ya ile mikono ya mashati iliyotapakaa kwenye matope, akatazama mguu wake wa kulia, chini ya goti, akasema kwa sauti ya kawaida, "Tantine, mguu unaangalia upande ingine."

Mtu wa makala alikuwa ameshapotea.

Hospitalini walisema mfupa umevunjika pahali pawili. Usipotiwa chuma utaungana umepinda, na mguu uliopinda haukanyagi cherehani. Bahati ilikuwa moja: daktari wa mifupa, ambaye huja Kamina mara chache kwa mwaka, alikuwapo. Lakini alikuwa anaondoka Jumamosi asubuhi. Kabla ya kisu hospitali ilitaka pesa zote mezani, au barua ya asiransi yenye muhuri. Pesa zote hakuna aliyekuwa nazo, hata kwa kuuza shamba. Ikabaki barua. Wiki ile tuliamka na barua, tukalala na barua.

Lakini kabla ya barua kulikuwa na jambo lingine, na hilo Tantine hakumuuliza mtu. Kwetu, mtu akiumia akiwa mikononi mwako, unakwenda kwao siku ileile kabla jua halijazama. Unachukua kuku mzima na unga. Hukai kwenye kiti, hukai kwenye mkeka. Unaketi chini, juu ya udongo, na unasema kwa mdomo wako kilichotokea. Usipokwenda, watasema ulimwacha mtoto wao barabarani kama mbuzi, na neno hilo hata wajukuu wako watalikuta linawangoja.

Baba yake Mbombo, Tata Kalunga, ni mkulima wa upande wa barabara ya Kabongo, Mkatoliki tangu babu zake, mtu wa maneno machache. Alitoka shambani akamkuta Tantine ameketi katikati ya uwanja wake, sketi ingali na matope ya reli, kuku amefungwa miguu pembeni.

"Minyi njo nilimuangusha mutoto wenu," Tantine alisema. "Alikuwa ku pikipiki yangu, na minyi njo nilishika usukani. Nimekuya niseme minyi mwenyewe, musiisikie kwa bantu."

Mama yake Mbombo alilia kidogo. Tata Kalunga alimkaribia, jembe lake begani.

"Ulikimbia?"

"Hapana, tata. Nilimushikilia mpaka ku lopitali. Eko kule, analala."

"Ulikuwa umekunywa?"

"Hata maji."

Mzee aliteremsha jembe. "Simama, basi. Udongo iko na baridi."

Wakapika, wakala bukari, ugali wetu, pamoja kwenye sahani moja. Jambo lingeishia hapo, kama kawaida, isipokuwa Tata Kalunga ni mtu wa karatasi. Majirani husema hata mbuzi wake wana cheti cha ubatizo. Alimwita katekista Masengo aje na daftari, na Masengo akaandika kwa mwandiko wake wa kanisani: *Leo Ndaya Monga amefika kwetu. Amesema kwa mdomo wake kwamba ni yeye alimwangusha mtoto wetu Mbombo. Ameketi chini. Tumekula pamoja. Hakuna neno kati yetu.* Wote wakatia vidole gumba.

Kesho yake mzee alivaa koti lake la misa, akapeleka dosie ya binti yake, faili la karatasi zote za ajali, kwenye biro ya Kivuli. Karatasi ya katekista aliiweka juu kabisa, mbele ya karatasi za daktari. Alitaka wakubwa wa asiransi waone mara moja kwamba hapa hawana kazi ya kuamua ugomvi. Alifikiri amewarahisishia.

Jumatano Jephté akawaita wote watatu, Tantine, Ruffin na Tata Kalunga. Jephté si mtu mbaya. Ana miwani, ana shati lililopigwa pasi hata siku ya mvua, na akizungumza anagonga meza kwa kalamu.

"Kwanza," alisema, "mu listi ya Ruffin safari ilimalizika saa mbili na dakika kumi. Ajali ni saa mbili na robo. Donc, wakati wa ajali safari haikuwa."

"Na Mbombo alikuwa amepanda nini?" Tantine akauliza. "Upepo?"

Ruffin alitazama viatu vyake. "Nafungaka safari wakati muteja wa kwanza anashuka," akanong'ona. "Juu simu ipokee bengine mbiombio."

"Bon. Ile tuiache kwanza." Jephté aliinua karatasi ya katekista kwa vidole viwili, kama mtu anayemshika panya kwa mkia. "Mama, nani alikuambia uende kule?"

"Kule wapi?"

"Ku jamaa ya mgonjwa! Asiransi iko na sheria yake. Ukifanya ajali, huendi, huseme kitu, hukubali kitu. Shiye njo tunasema pahali pako. Weye ulienda, ulikaa chini, ulisema 'njo minyi.' Ulijihukumu peke yako. Kampuni haiwezi kulipia muntu mwenye alishajihukumu." Akamgeukia mzee. "Na weye, tata. Umeandika 'hakuna neno kati yetu.' Kama neno haiko, sasa unatuomba nini?"

Tata Kalunga alivua kofia, akaiweka gotini. "Neno haiko kati yangu na huyu mama. Mguu ungali umevunjika."

"Kwa sheria, ile ni kintu kimoja."

"Sheria haijavunjikaka mguu hata siku moja," mzee akasema.

Jephté akagonga meza kidogo na kalamu, kisha akatoa karatasi nyingine, iliyokwisha kupigwa kwa mashine. "Iko njia," akasema, na akaisoma polepole. Dereva anasema kwamba alikwenda kwa jamaa ya mgonjwa kwa salamu tu. Maneno yaliyoandikwa aliyasema akiwa amechanganyikiwa na ajali. Abiria alikuwa anajigeuzageuza kwenye kiti na akamvuta dereva bega. Na tangu leo mpaka dosie ifungwe, dereva hatakanyaga kwa mgonjwa wala kwao. "Saini hapa. Natuma leo. Pengine batakubali nusu."

Tantine aliinamia ile karatasi. Kisha, "Mbombo alinivuta?"

"Ni maneno ya dosie tu, Mama. Kosa inagawanywa, kampuni inapumua."

"Alikuwa amekumbatia mufuko wake na mikono yote mbili. Angenivuta na nini, na meno?"

"Mama Mapasa, saini, tafazali!" Ruffin alikuwa karibu kulia. "Usiposaini banatoa Twende yote mu asiransi. Mawewa sitini! Ni wino tu ku karatasi."

"Ruffin, hii kichwa ulizaliwa nayo, ao walikubandika kama ile karatasi ya kijani?"

Hata Jephté alicheka, maana ni mama wa mapasa aliyesema. Lakini Tantine hakucheka. Aliirudisha karatasi mpaka ukingo wa meza, upande wa Jephté.

"Sisaini. Nilianguka na mutoto wa bantu mara moja. Sasa munataka nianguke juu yake mara ya pili."

"Basi atakosa barua," Jephté alisema kwa upole. "Na aliyemukosesha atakuwa ni weye."

Neno hilo lilimwingia. Nje, pikipiki aliikanyaga mara tatu ndipo ikawaka.

Alikwenda moja kwa moja hospitalini, akamwambia Mbombo yote, bila kuficha hata lile la kuvutwa bega. Mguu wa Mbombo ulikuwa umefungiwa jiwe kwa kamba ili mfupa unyooke, jiwe likining'inia mwisho wa kitanda. Alisikiliza mpaka mwisho, akitazama dari.

"Saini, Tantine."

"Unasema nini?"

"Andika nilikuvuta. Andika nilikuuma sikio, kama banataka. Minyi nataka mguu."

Hilo Tantine hakulitazamia. Alishika chuma cha kitanda. Mimi namjua, akishika kitu hivyo anapigana na mtu ndani yake. Jumamosi ilikuwa siku tatu mbele, na msichana mwenyewe anamwomba. Mwishowe akasema, "Nikisaini batakupa nusu. Pengine. Nusu ya chuma inashika nusu ya mfupa?"

Mbombo alifunga macho. "Na ile kontra yao, walikusomea yote?"

"Kontra gani? Minyi niko na ile ya kijani tu."

"Ile ya kijani ni kipande tu, Tantine. Kontra ni kitabu, mapatano yote iko mule." Mbombo alimaliza miaka sita kwa masista, kushona na Kifaransa, na Kifaransa alikipata zaidi. "Nani iko nayo?"

Alhamisi asubuhi, kabla Ruffin hajamaliza kufungua mbao za kibanda, Tantine alikuwa amesimama mbele yake.

"Kontra ya Kivuli iko wapi?"

"Iko mu telefone, Mama Mapasa. Walinitumia."

"Inasema nini?"

Ruffin alikwaruza shingo. "Iko na kurasa makumi tatu na moja."

"Sikuuliza urefu. Inasema nini?"

"Sijaifungua."

"Ulibandikia bantu sitini kintu yenye haujasoma?"

"Ilikuwa murefu, Mama Mapasa!"

"Hata siku ya kaburi ni murefu, na utailala yote." Akachukua simu kwenye meza, akaitia kifuani. "Itarudi jioni. Bateja bakikutafuta, baambie umerudi shule."

Mbombo alisoma tangu saa tatu. Akichoka, aliiweka simu juu ya tumbo, akapumzika, akaanza tena. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walianza kuuliza, "Umefika wapi?" kama watu wanaosimuliwa hadithi. Alipita kurasa za moto, za wizi, za mafuriko. Saa saba na nusu, kwenye ukurasa wa kumi na tisa, akainua mkono ili watu wanyamaze.

Alitafsiri neno kwa neno. Makubaliano yaliyofanywa bila kampuni hayaifungi kampuni. Lakini mtu kusema kwamba jambo limetokea, huko si kukubali kosa. Wala kumsaidia au kumfariji aliyeumia, kitu ambacho kila mwanadamu anajisikia kulazimika kukifanya, si kukubali kosa.

"Rudilia," Tantine akasema.

Mbombo akarudilia. Mara tatu, mara nne, mpaka Tantine akaweza kusema mwenyewe bila kukosa, hata na namba ya ukurasa. Tata Kalunga, aliyekuwa ameleta uji, aliuliza kuhusu karatasi yake ya katekista. Ameharibu?

"Haiwafungi, tata," Mbombo alisema. "Kwabo ile karatasi ni kama upepo."

"Kama ni upepo," Tantine akasema, "basi habawezi kujifunika nayo."

Ijumaa Tantine na Tata Kalunga walifika kwenye biro kabla ya Jephté mwenyewe. Ruffin alikuwapo pia, amesimama mlangoni. Simu yake alikuwa amerudishiwa, lakini macho hakuwa ameyainua bado. Tantine alimwambia Jephté afungue ukurasa wa kumi na tisa. Jephté alifungua, akasoma, akafuta miwani, akasoma tena. Inaonekana naye hakuwahi kufika huko.

"Hii inasema kufariji," akasema hatimaye. "Weye hukufariji tu. Ulisema 'nilimuangusha.' Ile ni kukubali kosa."

"Alianguka ku pikipiki ya nani?"

"Yako."

"Nani alishika usukani?"

"Mama, ile haiko..."

"Nani?"

"Weye."

"Njo yenye nilisema. Nilisema kintu yenye ilitokea. Kosa ni ya nani, yangu, ya muntu wa makala, ya mvua, mutaitafuta hata miaka kumi. Itafuteni, njo kazi yenu. Mukiona ni yangu, nitasimama mbele ya juge nitasema ni yangu. Lakini mguu hauna miaka kumi. Mguu uko na leo."

"Lazima Lubumbashi waone kwanza."

"Daktari anaenda kesho."

"Minyi peke yangu siwezi."

"Basi andika." Tantine alichukua kalamu iliyokuwa inagonga meza, akamtia Jephté mkononi vizuri. "Andika: Kampuni Kivuli inakataa mguu wa Mbombo juu Ndaya alienda kusema pole. Weka muhuri. Siombi kintu ingine tena, naomba ile karatasi tu. Nitaibandika pale ku reli, bantu boote bapite baione. Tata Kalunga ataipeleka ku parokia baisome misa ikiisha. Ruffin ataiweka mu Twende."

Watu wote wakamgeukia Ruffin. Wateja wa Twende ni zaidi ya mia nne.

"Nitaiweka," akasema. Kisha, kwa haraka, kama mtu anayeruka mto: "Na ile saa mbili na dakika kumi nilikosa minyi. Safari ilikuwa haijaisha. Andika na ile."

Jephté aliinamisha kichwa, akaanza kuandika kweli. Aliandika mstari na nusu. Kukataa kwa mdomo alikuwa amekataa mara nyingi kwenye chumba kile, lakini kwa kalamu ni mambo mengine. Kalamu inakungoja umalize. Jephté ni mtoto wa Kabondo-Dianda, na mama yake angali hai huko. Nadhani alimwona mama yake akisomewa ile karatasi. Alikata mstari, akachukua simu, akawapa mgongo, akaongea Kifaransa na Lubumbashi muda mrefu. Tantine alitambua neno la Kifaransa la muhuri na lile la parokia, basi. Mengine hakuyashika.

Alipomaliza shati lilikuwa limelowa mgongoni. Aliandika barua, ukurasa mmoja. Ruffin aliisoma kwa sauti. Kampuni inatoa dhamana kwa hospitali kwa ajili ya kutia chuma. Haikubali kosa lolote. Inajiwekea haki ya kumfuata dereva baadaye ili arudishe gharama. Na dereva, mpaka dosie ifungwe, hatamtembelea mgonjwa wala jamaa yake. Chini, mahali pa saini mbili: ya wakala na ya dereva.

"Ile ya kunifuata," Tantine alisema, "mukuye. Kwangu munapajua. Nitawapa kiti."

Kisha akainama kusaini. Alitafuta mstari wa mwisho kwa kidole, akamwuliza Ruffin, "Ni huu?" Ruffin akaitika. Ulikuwa ule wa kutomtembelea mgonjwa. Tantine akaukata kwa kalamu, mara mbili, kwa nguvu, hata karatasi ikatoboka kidogo, na pembeni akaandika jina lake lote.

"Mama!" Jephté aliruka. "Haiwezekani kufuta mu barua ya kampuni!"

"Nimeshafuta."

"Barua sasa iko muchafu!"

"Muhuri iko safi."

Akaikunja, akaitia kifuani, akatoka na mzee nyuma yake. Jephté angeweza kuwafuata. Hakuwafuata.

Hospitalini karani aliukagua muhuri, akaugeuza kwenye mwanga, akaitia barua kwenye faili. Mstari uliokatwa hakuuangalia. Saa nane Mbombo aliingizwa, saa kumi na moja akatoka na chuma ndani ya mguu, akinung'unika kwamba ana njaa. Daktari aliondoka Jumamosi kama alivyosema.

Kivuli nayo ilifanya yake. Jumatatu iliyofuata Ruffin aliletewa agizo: Twende ibaki, Ndaya Monga atoke. Alikuja mwenyewe nyumbani kubandua karatasi ya kijani, na maji ya moto na kisu, akiomba msamaha kila alipokwangua.

"Kwangua vizuri," Tantine akamwambia. "Usiniharibie rangi."

Tangu hapo habebi abiria. Hataki mtu apande nyuma yake bila bima, na bima nyingine hajapata. Amekwenda kwenye biro mbili. Kila mara anaomba asomewe kurasa zote kabla ya kulipa, nao wanamwambia arudi wiki ijayo. Anarudi. Wakati huo anabeba unga, makala, maboksi ya sabuni. Mawewa wenzake wanamtania: "Mama Mapasa, mufuko wa unga haulalamikii mwendo wako ku reli?" Anawajibu kwamba mfuko wa unga una akili kuliko wao. Kipato kimepungua, hilo halifichwi, na nyumbani tunalijua kwenye sahani. Lakini kila siku saa tisa anaacha kazi, anaosha mikono, anakwenda kwa Mbombo.

Alikuwa huko siku ya kumi na mbili baada ya ajali, anamchana nywele, simu yake ilipolia. Namba ya Lubumbashi. Mikono yake ilikuwa na mafuta, akamwambia Mbombo abonyeze ile ya kusikika kwa wote.

"Mama Ndaya Monga?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, safi, ya biro. "Ni Kivuli, upande wa dosie. Nina maswali kidogo juu ya ajali. Tangu siku ile, umefika kwa mgonjwa?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Andika: kila siku."

Kulisikika vidole vikigonga mashine, kisha vikasimama.

"Mama, uelewe. Hilo jibu linaweza kutumika juu yako."

"Najua, mama. Njo maana nalisema polepole, usikosee kuandika." Tantine aliendelea kugawa nywele kwa kitana, mstari ulionyooka tangu paji la uso mpaka kisogoni. "Na sasa niko kwake. Unataka kumusalimia?"